Kuchagua Fidla ya Kwanza Ukiwa Mtu Mzima: Mwongozo Kamili

Mtu mzima anayeacha fidla baada ya miezi michache hujilaumu mwenyewe. Vidole vimekakamaa, sikio si la muziki, umri umekwenda. Lakini ukiichukua ile fidla aliyoiacha ukaikagua, mara nyingi unakuta daraja linalobeba nyuzi limezidi kimo kwa milimita mbili, vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza na ufito wa upinde umekwenda upande. Kwa ala ya namna hiyo hata mpigaji aliyebobea angetoka jasho. Mtoto huchaguliwa ala na mwalimu wake. Mtu mzima hujichagulia, mara nyingi akiwa peke yake, usiku, kwa kutazama picha kwenye simu.

Kwa hiyo niseme mapema ninachokiamini: fidla ya kwanza ichaguliwe kwa namna inavyokukaa mwilini na kwa kazi ya fundi aliyeitayarisha. Mng'ao wa vanishi, umri wa mbao na jina lililobandikwa ndani vije nyuma sana.

## Hatua ya 1: Mtafute mwalimu kabla ya ala

Ukiwa na mwalimu, unakuwa na mtu wa kuipiga fidla mbele yako kabla hujatoa fedha. Hilo peke yake linakuokoa na makosa mengi, kwa sababu anayeanza hawezi kujua kama mlio mbaya unatoka kwenye ala au kwenye mkono wake. Mwombe akusindikize dukani, au akubali kuikagua fidla ndani ya muda unaoruhusiwa kuirudisha. Muulize pia, kwa adabu lakini waziwazi, kama analipwa chochote na duka analokuelekeza. Wapo wanaolipwa, na si dhambi, ila unastahili kujua.

Kama unapoishi kuna maduka yanayokodisha fidla, kodi kwanza. Sikio lako la leo silo utakalokuwa nalo baada ya miezi sita ya mazoezi; sauti inayokuvutia sasa kwa kung'ara kwake huenda baadaye ukaiona kali mno. Kabla ya kutia saini, uliza nani analipia uzi ukikatika, nani analipia ala ikianguka, na ni kiasi gani cha kodi kitakachohesabiwa siku utakapoamua kununua. Uliza pia kama kiasi hicho kinaweza kuhamia kwenye fidla bora zaidi, au kimefungwa kwenye hiyo hiyo unayoikodi. Hapo ndipo mikataba mizuri inapotofautiana na mibaya.

## Hatua ya 2: Kipimo cha mwili wako

Fidla hutengenezwa kwa vipimo vingi, kuanzia vidogo kama 1/16 ya watoto wadogo hadi 4/4, ambayo ni fidla kamili. Kiwiliwili cha 4/4 kina urefu wa karibu sentimita 35.5, na watu wazima karibu wote huitumia hiyo. Kujipima, nyoosha mkono wa kushoto kwa upande, kiganja kikitazama juu, kisha mtu apime kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Ukipata sentimita 58 au zaidi, 4/4 inakufaa. Ukiwa chini kidogo ya hapo, jaribu zote mbili, 4/4 na 7/8, kabla ya kuamua. Ile ya 7/8 ni ya watu wazima wenye mikono mifupi au viganja vidogo. Haipatikani kila duka, lakini ipo, na sauti yake haiaibishi.

Ukishaishika chini ya kidevu, nyoosha mkono hadi kwenye kichwa cha fidla, pale mbao inapojikunja. Vidole viweze kukizunguka huku kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Kiwiko kikinyooka kabisa, ala ni kubwa kwako.

Wanaotumia mkono wa kushoto huuliza kama watafute fidla iliyogeuzwa. Wengi wao hupiga fidla ya kawaida bila shida, maana mikono yote miwili ina kazi ngumu hapa, na fidla iliyogeuzwa itakufungia milango mingi ya kununua, kuazima na kukaa katika okestra.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka: shingo. Mwili wa mtu mzima hausamehe kama wa mtoto. Nafasi kati ya mfupa wa mtulinga na taya yako ni yako peke yako, na inapaswa kujazwa na vitu viwili: kiegemeo cha kidevu juu ya fidla na kiegemeo cha bega chini yake. Kiegemeo cha kidevu kilibuniwa na mpiga fidla Mjerumani Louis Spohr yapata mwaka 1820, na leo kipo cha kila umbo: kirefu, kifupi, cha pembeni, cha katikati juu ya kishika nyuzi. Kinafunguliwa na kubadilishwa kwa dakika chache, kwa hiyo usikikubali kile kilichokuja na ala kana kwamba ni sehemu ya mbao.

Jipime hivi. Simama wima, tazama mbele, legeza mabega yote mawili. Weka fidla mahali pake kisha ugeuze kichwa kidogo kushoto na kukishusha. Kama inakulazimu kupandisha bega, au kuuma meno ili ala isianguke, kuna pengo la kujazwa. Mwenye shingo ndefu ainue kiegemeo cha kidevu kwanza; akiinua cha bega tu, fidla yote inapanda na mkono wa upinde unapanda nayo. Maumivu ya shingo na ganzi ya vidole vimewaondoa watu wazima wengi kwenye ala hii, na mara nyingi kiegemeo kirefu zaidi kidogo tu kingetosha.

## Hatua ya 3: Ikague kwa macho na vidole

Hapa tumia muda wako mwingi. Huhitaji kujua kupiga hata noti moja.

Anza na kimo cha nyuzi. Nenda na rula ndogo. Pale ubao wa vidole unapoishia, karibu na daraja, pima nafasi kati ya ubao na uzi. Kwenye uzi wa E, ule mwembamba, iwe kama milimita 3 hadi 3.5, kwenye uzi wa G, ule mnene, milimita 4.5 hadi 5.5. Zikizidi hapo sana, vidole vitauma na noti zitapotoka, kwa kuwa kila unapousukuma uzi mbali unauvuta na sauti inapanda. Kisha nenda upande wa pili, kwenye kizingiti kidogo kilicho juu ya shingo, nyuzi zinapoingia kwenye vigingi. Hapo nafasi iwe nyembamba, takriban unene wa kadi ya biashara. Fidla nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani kizingiti kikiwa juu, na ndizo zinazomfanya anayeanza aamini kwamba kidole chake cha kwanza hakina nguvu.

Daraja ni kipande cha mbao kisichogundishwa. Kinashikiliwa na mvutano wa nyuzi tu. Miguu yake ichongwe ifuate mwinuko wa mbao ya juu bila mwanga kupenya chini yake, na isimame kati ya vikato vidogo vya ndani vya yale matundu mawili yenye umbo la f. Upande wa nyuma, unaotazama kishika nyuzi, usimame wima. Juu liwe na mviringo: daraja lililo bapa mno litafanya upinde uguse nyuzi mbili kila unapotaka moja. Daraja nene kama lilivyotoka kiwandani linaizima sauti. Ukiona daraja limefungwa kwa karatasi pembeni ya kasha, ujue fidla hiyo bado haijatayarishwa, na kazi ya fundi itakuwa gharama yako.

Chungulia ndani kwa tochi kupitia tundu la f la upande wa uzi wa E. Utaona kijiti cha duara kimesimama kati ya mbao ya juu na ya chini, nyuma kidogo ya mguu wa daraja. Hiyo ndiyo nguzo ya sauti, unene wake karibu milimita 6, nayo haikugundishwa, imebanwa tu. Kazi yake ni kubwa kuliko umbo lake, kwani ikisogezwa hata chini ya milimita moja sauti ya fidla nzima hubadilika. Iwe wima. Kama imelala ndani, fidla haichezeki mpaka fundi aisimamishe.

Zungusha kila kigingi. Kizunguke laini na kibaki pale unapokiacha. Kigingi kinachoruka au kurudi nyuma ni adha ya kila siku, na mtu mwenye dakika thelathini za mazoezi baada ya kazi hawezi kutoa kumi za kupambana nacho. Fundi hukirekebisha kwa kukichonga upya au kwa dawa maalumu. Vipo pia vigingi vyenye gia ndani, vya Wittner kwa mfano, vinavyoonekana kama vya kawaida lakini husogea taratibu bila kuteleza. Kwa mtu mzima anayeanza navipenda sana. Kama huna hivyo, hakikisha kishika nyuzi kina skrubu ndogo za kusawazishia kwenye nyuzi zote nne.

Ubao wa vidole uwe wa abunusi au mbao nyingine ngumu. Kwenye ala duni huwa mbao laini iliyopakwa rangi nyeusi. Tazama ukingo wake wa chini na utaona weupe. Mbao hiyo huchimbika mifereji chini ya nyuzi baada ya muda mfupi.

Kuhusu mwili wenyewe: mbao ya juu iwe ya sprusi na ya nyuma ya mepo, zilizochongwa, si plai iliyokandamizwa kwenye kalibu. Mistari miwili myeusi inayozunguka ukingo iwe imechomekwa ndani ya mbao, maana huzuia ufa wa ukingoni usiingie ndani. Iliyochorwa kwa rangi ni urembo tu. Gonga taratibu kuzunguka ukingo kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mtetemo wa kukwaruza, kiungo kimeachia. Hilo lisikutishe. Fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama ambayo imekusudiwa iachie kabla mbao haijapasuka, na fundi hukirudisha kwa kazi ndogo. Ufa ni jambo jingine, hasa ufa wa mbao ya nyuma pale inaposimama nguzo ya sauti. Fidla yenye ufa huo iache hata ukipunguziwa bei.

## Hatua ya 4: Sikiliza bila kujua bei

Mwaka 2010, mjini Indianapolis, watafiti Claudia Fritz na Joseph Curtin waliwapa wapiga fidla 21 ala sita: tatu mpya, mbili za Antonio Stradivari na moja ya Guarneri del Gesù, mafundi mashuhuri wa kale wa Cremona, Italia. Wapigaji walivaa miwani ya giza wasione wanachokishika. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari. Wengi wao hawakuweza kutambua ipi ya zamani na ipi mpya. Kama macho yanaweza kuwapoteza watu waliozaliwa nazo mikononi, yatatupoteza na sisi.

Basi fanya hivi. Mwambie muuzaji kiwango chako cha mwisho cha fedha, umwombe akutolee fidla nne au tano ndani ya kiwango hicho bila kukutajia bei ya kila moja. Zote zisawazishwe sawasawa, A ikiwa hezi 440, na zipigwe kwa upinde mmoja, katika chumba kimoja. Chumba chenye mwangwi huipamba kila ala, kwa hiyo omba chenye zulia au mapazia. Geuka, wape mgongo. Mwalimu au muuzaji apige nyuzi nne tupu, G, D, A na E, moja moja kwa upinde mrefu, kisha skeli, kisha wimbo mfupi mmoja. Wimbo uwe ule ule kwa kila fidla.

Zisikilize mbili mbili. Bakiza unayoipenda, ondoa nyingine, leta ya tatu. Ukisikiliza tano kwa mpigo utaikumbuka ya mwisho tu.

Unasikiliza nini? Usawa wa nyuzi kwanza: je, G inasikika kama imefunikwa blanketi huku E ikipiga kelele? Pili, wepesi wa kuitika: upinde ukigusa kidogo tu, sauti inaanza mara moja au inakwaruza kwanza? Hili ni muhimu kwa anayeanza kuliko ukubwa wa sauti. Tatu, noti zinazotetemeka kama zinagombana, hasa juu kwenye uzi wa G. Kisha simama mita tatu au nne mbali na usikilize tena, kwa kuwa ukali unaosikika sikioni mwa mpigaji hulainika ukifika kwa msikilizaji, na fidla tamu mno sikioni wakati mwingine haifiki mbali.

Mwisho ishike wewe. Hata kama hujui chochote, vuta upinde kwenye nyuzi tupu. Kati ya mbili zinazolingana kwa sauti, chukua ile inayotulia begani mwako.

## Hatua ya 5: Upinde usiwe wa kusukumiziwa

Katika vifurushi vya wanaoanza upinde ndio unaobaniwa gharama, nao ndio unaotoa sauti. Wazoefu wengi hutenga kwa upinde kama robo ya bei ya fidla, na naona ni sawa.

Ushike usawa wa jicho utazame ufito kwa urefu wake. Uwe umenyooka pande zote mbili, huku ukijipinda kuelekea kwenye singa, zile nywele za farasi zinazosugua nyuzi. Kaza skrubu mpaka nafasi ya katikati kati ya ufito na singa itoshe penseli. Ukikaza kiasi hicho ufito usiende upande, na ule mkunjo wake usipotee. Uzito wa kawaida ni karibu gramu 60; ulio mzito zaidi kichwani utauchosha mkono.

Mbao iliyosifika kwa pinde ni pernambuko ya Brazili, ambayo tangu mwaka 2007 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES kwa kuwa miti imepungua. Anayeanza haihitaji. Upinde wa nyuzi za kaboni wa bei ya wastani hunyooka vizuri, hauathiriwi na unyevu na huvumilia kuanguka. Mimi ningeuchagua kabla ya upinde wa mbao wa bei hiyo hiyo.

Onyo dogo: singa mpya zisizopakwa rosini, yaani utomvu mkavu wa msonobari, hazitoi sauti yoyote. Wapo waliorudisha fidla dukani wakidhani ni mbovu. Sugua donge la rosini juu ya singa kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, na kila umalizapo mazoezi legeza skrubu.

## Jina lililo ndani na fidla za zamani

Ukichungulia ndani ukaona karatasi iliyoandikwa Antonius Stradivarius Cremonensis na mwaka wa 1700 na kitu, moyo usikuruke. Warsha za Mirecourt nchini Ufaransa na za Mittenwald na Markneukirchen nchini Ujerumani zilitengeneza fidla kwa wingi mno katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na zilibandika majina ya mabingwa kuonyesha umbo lililoigwa. Dalili moja husaidia: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa kutoka nje zitaje nchi zilikotoka. Karatasi yenye jina la Stradivari na chini yake neno Germany ni ya baada ya hapo, na yenye Czechoslovakia haiwezi kutangulia mwaka 1918.

Kati ya fidla hizo zimo nzuri sana, na iliyotunzwa vizuri inaweza kukufaa kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Ila usiinunue bila fundi kuikagua, na uliza gharama ya kuirudisha katika hali ya kuchezeka kabla hujakubaliana bei.

## Ukilazimika kununua kwa intaneti

Nunua kwa muuzaji anayesema waziwazi kwamba fidla imetayarishwa na fundi, na anayekupa angalau wiki moja ya kuijaribu na kuirudisha. Omba picha ya daraja kwa pembeni, ya ubao wa vidole kutoka kichwani, na vipimo vya kimo cha nyuzi nilivyovitaja. Muuzaji wa fidla za kweli atajua unachouliza. Stentor, Yamaha na Eastman ni majina yanayojulikana kwa ala za wanafunzi, lakini hata hizo hutegemea aliyezitayarisha dukani. Fidla ya rangi ya waridi yenye kila kitu ndani ya kasha kwa bei ya nyuzi za kawaida, ipite.

Wanaokaa karibu na majirani huvutiwa na fidla ya umeme. Kwa ya kwanza siishauri, kwa sababu mbao inayotetemeka ndiyo inayokufundisha kama umeigusa noti sawasawa. Nunua kizima-sauti kizito cha mpira kinachokaa juu ya daraja, kiwe cha saa za usiku tu.

## Ikishafika nyumbani

Nyuzi zinazokuja na fidla za wanafunzi huwa duni. Kuzibadilisha ni njia ya haraka ya kuiboresha sauti. Za kiini cha chuma, kama D'Addario Prelude, hutulia upesi na hudumu. Za kiini cha nailoni, kama Dominant za Thomastik-Infeld zilizoanza kuuzwa mwaka 1970, zina sauti laini zaidi ila huchukua siku kadhaa kutulia. Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine. Ukizilegeza zote kwa pamoja daraja litaanguka, na nguzo ya sauti huenda ikalala. Ikilala, usizikaze tena nyuzi; zilegeze kabisa uipeleke kwa fundi, kwani kukaza bila nguzo kunaweza kuizamisha mbao ya juu.

Fidla hustawi katika unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60. Usiiache ndani ya gari lenye jua wala karibu na kipasha joto au kiyoyozi. Kila unaposawazisha nyuzi, tazama daraja kwa pembeni, maana mvutano hulilaza kuelekea kwenye ubao wa vidole kidogo kidogo; mwombe mwalimu akuonyeshe jinsi ya kulirudisha wima kwa vidole vya mikono yote miwili. Na kama ni mpya, irudishe kwa fundi baada ya miezi mitatu hadi sita. Mbao mpya hujisogeza, nguzo hulegea, kimo cha nyuzi hubadilika, na maduka mengi mazuri hufanya marekebisho hayo ya kwanza bila malipo ukiuliza siku ya kununua.